Wota pampu imekufa Dodoma: ununue jenuini, ya kampuni, ya mtumba au ya bei ya chini?

Mshale wa joto ulianza kupanda tulipokuwa tunaikaribia Bahi, tukirudi Dodoma mjini kutoka Manyoni. Saa nane mchana, mwezi wa kumi, jua la kanda ya kati likiwa utosini. Nikazima kiyoyozi, nikafungua hita hadi mwisho kama nilivyofundishwa, ili ipunguze joto la injini. Hita ikapuliza upepo wa baridi. Siku ile sikujua maana yake. Leo ningejua palepale: maji yamo ndani ya injini lakini hayatembei.

Tulisimama chini ya mbuyu, tukasubiri, gari likaja kuvutwa hadi gereji moja ya Kizota. Kesho yake fundi akanipigia simu: "Dada, njoo uone kwa macho yako kabla sijakuambia kitu." Nilimkuta ameishika wota pampu. Akaibana impela, ile feni ndogo ya ndani inayosukuma maji, kwa vidole vya mkono mmoja, kwa mkono wa pili akazungusha puli, gurudumu linalovutwa na mkanda. Puli ikazunguka, shafti ikazunguka nayo, impela ikabaki palepale. Ilikuwa imelegea kwenye shafti, na mapanga yake ya bati yalikuwa yamelika pembeni kama karatasi iliyotafunwa na panya. Pampu hiyo ilikuwa na miezi 11 tu. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe, ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa juu ya kaunta.

Gari lenyewe ni Noah ya zamani, injini ya aina ya 3S. Pampu yake huzungushwa na taimingi belti, mkanda wa ndani unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, kwa hiyo kuifikia ni kufungua upande mzima wa injini. Ufundi nililipa mara mbili, belti mara mbili, kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) mara mbili, na hedi, sehemu ya juu ya injini, ikaenda kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso, kwa sababu ya joto. Hela niliyoiokoa kwenye pampu haikutosha hata kununua gasketi ya hedi.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyesimama kwenye duka la spea hapa Dodoma, muuzaji amemwekea boksi tatu na pampu moja ya mtumba iliyofungwa kwenye gazeti, na anamwambia "zote zinafanya kazi, ni mfuko wako tu". Si mfuko tu. Kuna maswali mawili yanayotangulia: pampu yako imekaa wapi kwenye injini, na gari lako linakwenda wapi.

Iko nje au iko ndani?

Wota pampu ni kitu cha kawaida sana: bodi ya aluminiamu au chuma, shafti inayoshikwa na beringi, sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi, na impela inayosukuma maji kutoka kwenye rejeta yazunguke ndani ya injini na kurudi. Tofauti kubwa kati ya gari na gari ni kinachoizungusha.

IST yenye injini 1NZ, Spacio na Allion zenye 1ZZ, X-Trail yenye QR20, hizi zina cheni ya taimingi, na pampu inazungushwa na mkanda wa nje. Fundi aliyezoea anaibadilisha bila kugusa taimingi. Land Cruiser yenye 1HZ nayo pampu iko mbele, inazungushwa na mikanda ya nje pamoja na feni.

Upande wa pili kuna 3S ya Noah za zamani na RAV4 za kwanza, Subaru za injini EJ, na Honda CR-V za kwanza zenye B20. Hizi pampu imejificha nyuma ya kava la taimingi na inazungushwa na taimingi belti yenyewe. Sili ikianza kuvuja, kulanti inaweza kuilowesha belti. Beringi ikilegea, belti inahama au inakatika, na kwenye baadhi ya injini belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni.

Kwa hiyo kosa lilelile la kuchagua pampu mbovu linagharimu nusu siku kwa mwenye IST, na linaweza kugharimu injini kwa mwenye Subaru. Kama hujui gari lako liko kundi gani, muulize fundi kabla hujauliza bei ya pampu. Usikubali jibu la "pampu ya Noah" au "pampu ya RAV4". Noah ya petroli ya kabla ya 2001 ni 3S, ile iliyofuata ni 1AZ, na pampu zake haziingiliani.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima pampu zote nne kwa mambo haya: uimara wa sili, beringi na impela, kama inakaa sawasawa kwenye injini bila kulazimishwa, kama inapatikana Dodoma leo au lazima isubiriwe kutoka Dar es Salaam, gharama nzima, yaani pampu pamoja na ufundi, gasketi, kulanti na hasara ikifa mapema, na uthibitisho ulio nao mkononi, yaani namba, risiti na haki ya kurudisha. Bei nitazilinganisha zenyewe kwa zenyewe badala ya kutaja shilingi, kwa sababu pampu ya IST na pampu ya 1HZ hazikai kwenye mizani moja.

Jenuini, ya boksi la mtengenezaji wa gari

Kwa uimara, hii ndiyo kipimo ambacho nyingine zote hupimwa nacho. Sili yake imechaguliwa kuendana na kulanti ya mtengenezaji, impela ina kimo kilekile cha ya mwanzo, na gasketi au oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) sahihi ipo. Hukaa kwenye injini bila kubishana na mtu.

Tatizo la kwanza ni bei: ndiyo ya juu kuliko zote, na tofauti yake na ya kampuni nzuri mara nyingi ni kubwa. La pili ni kusubiri. Kwa gari la kawaida unaweza kuikuta hapa mjini, lakini mara nyingi inaagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Kilomita kama 450 si mbali, ila ukikosea namba unairudisha kwa njia ileile na gari liko juu ya jeki.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Boksi la jenuini ndilo wanaloliigiza sana waongo, kwa sababu ndilo lenye faida. Ukilipa bei ya jenuini kwenye duka lisilokupa risiti ya EFD, umelipa bei ya jenuini tu; pampu yenyewe huna hakika nayo. Pampu za Toyota zina namba inayoanza na 161, ikifuatiwa na tarakimu nyingine za aina ya injini. Muuzaji wa kweli huitafuta namba hiyo kwa chasisi ya gari lako kabla hajafungua kabati.

Inamfaa mwenye pampu ya ndani anayekusudia kukaa na gari lake miaka mingi, na mwenye gari la safari ndefu ambaye kusimama porini kuna gharama kuliko pampu yenyewe: gari la wagonjwa, la mradi, la mwalimu mkuu anayekwenda kijijini Kondoa kila wiki.

Ya kampuni inayojulikana

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaishia na hapa ndipo panapochanganya.

Kampuni ya magari haitengenezi kila kipande yenyewe. Aisin ya Japani, kwa mfano, ni mtengenezaji wa wota pampu anayeipatia Toyota. Ukinunua boksi la Aisin unanunua kazi ya mtengenezaji yuleyule, bila jina la gari juu ya boksi na bila bei ya jina hilo. GMB na NPW nazo ni majina ya Japani yaliyojikita kwenye pampu. Gates ya Marekani na SKF ya Sweden huuza pampu peke yake au seti nzima pamoja na taimingi belti na beringi za kukazia, na kwa mwenye pampu ya ndani seti ni jambo la kufikiria sana: vipande vyote vinaanza maisha siku moja.

Uimara wa hizi, zikiwa za kweli, unakaribia jenuini kiasi kwamba kwa magari mengi mtumiaji hataona tofauti. Kukaa kwenye injini ni vizuri pia, ila linganisha impela. Kampuni nyingine hubadilisha aina: ya mwanzo ilikuwa ya chuma cha kumimina, wao wanaleta ya bati lililokunjwa, au ya plastiki ngumu. Plastiki haipati kutu, na ikitengenezwa vizuri hudumu. Bati lililokunjwa nalo likibanwa sawasawa kwenye shafti si baya. Ninachokiogopa ni umbali: mapanga yakiwa mafupi kuliko ya mwanzo, kunabaki nafasi kubwa kati yake na ukuta wa injini, na pampu inazungusha maji kwa ulegevu. Gari litatembea mjini bila shida, kisha litachemsha siku ya kupanda milima ya Kolo likiwa na mzigo.

Upatikanaji hapa Dodoma ni mzuri kwa Toyota za kawaida, wastani kwa Nissan, na wa bahati kwa Subaru na Honda. Bei iko katikati. Na feki zipo pia: boksi lina jina kubwa, ndani pampu haina alama yoyote. Kampuni hizi huchapa au huchonga jina au namba kwenye pampu yenyewe, na namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye katalogi zao za mtandaoni ukiwa umesimama palepale dukani na simu yako. Dakika mbili zinatosha. Muuzaji anayekasirika ukifanya hivyo amekusaidia kujua pa kwenda.

Inamfaa karibu kila mtu anayetumia gari kila siku na anayelilipia mwenyewe. Mimi baada ya Bahi nilifunga ya kampuni, seti pamoja na belti, na sijutii.

Ya mtumba kutoka kwenye injini ya Japani

Wapo mafundi wazee wanaoiamini mtumba kuliko kitu chochote kipya cha bei ndogo, na hoja yao ina uzito. Pampu iliyotoka kwenye injini iliyoletwa kutoka Japani ilikuwa jenuini tangu kiwandani, na mara nyingi imeishi kwenye kulanti safi maisha yake yote. Ukiigeuza unakuta impela inang'aa, bila kutu. Inakaa kwenye injini kikamilifu, maana ndiyo ileile.

Udhaifu wake hauonekani. Hujui imetembea kilomita ngapi. Sili iliyokuwa imelowa miaka kumi, kisha ikakaa kavu kwenye kontena na kwenye rafu, inaweza kuanza kuvuja wiki ya kwanza. Beringi nayo haina kitabu cha historia. Angalia tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu: limewekwa makusudi ili sili ikianza kufa maji yatokee hapo kabla hayajaiua beringi. Ukikuta hapo ukoko wa rangi ya waridi, mweupe au wa kijani, pampu hiyo ilishaanza kuvuja ikiwa bado Japani. Iache.

Bei yake ni ya kujadiliana, kawaida chini ya ile ya kampuni. Risiti mara nyingi hakuna, na kurudisha kunategemea utu wa muuzaji. Maduka mengi ya mtumba yako Dar es Salaam, Kariakoo na Ilala. Hapa Dodoma utapata za magari yanayotembea sana.

Kwa pampu ya nje, mtumba iliyokaguliwa vizuri ni chaguo la heshima. Kwa pampu ya ndani siishauri hata ikitolewa bure, kwa kuwa unaweka kitu kisichojulikana umri wake mahali panapogharimu siku nzima kupafikia. Ipo hali moja tu inayobadilisha hesabu: injini adimu ambayo pampu mpya ya kuaminika haipatikani nchini. Hapo mtumba nzuri, iliyokaguliwa na fundi wako mwenyewe, inaishinda mpya isiyo na jina.

Ya bei ya chini, isiyo na jina

Imenitenda vibaya, kwa hiyo nitajitahidi kuisema kwa haki.

Si zote ni mbovu. Ubaya wake ni kwamba hazifanani. Ukinunua mbili kwenye boksi za rangi moja, moja inaweza kudumu miaka, nyingine ikafa kabla ya msimu wa mavuno. Huna namba ya kufuatilia wala mtu wa kumuuliza. Matundu ya bolti wakati mwingine hayakai sawa, fundi anatumia faili. Gasketi ni karatasi nyembamba, kwa hiyo fundi anaongeza silikoni, na silikoni ikizidi hukatika vipande vinavyokwenda kuziba njia za rejeta.

Faida yake ni kwamba ipo leo, hapa, na bei yake mtu yeyote anaimudu. Kwa mwenye pampu ya nje, gari la kuzungukia Area C, Makole na Kisasa, ambaye gereji iko dakika tano na mshahara uko wiki mbili mbele, inaweza kumvusha. Aichukue akijua ni ya kuvukia, na aangalie geji ya joto kila siku. Kwa pampu ya ndani, nimeshaeleza ilivyonitokea.

Kuna pia wanaokarabati pampu ya zamani kwa kubadilisha beringi na sili. Kwa mashine za kilimo na malori ya zamani ambayo pampu yake imetengenezwa ifunguliwe, ni jambo la kawaida. Kwa magari madogo, beringi na shafti ni kitu kimoja kilichobanwa kwa presi, na ukarabati wa nyundo haukai.

Maji ya kwetu yanaua pampu ya aina yoyote

Hili ningeliweka mwanzoni kama lingekuwa linasikilizwa. Dodoma tunategemea sana maji ya visima, na maji yetu mengi ni magumu, yana chumvi na chokaa. Angalia birika lako la chai: ule ukoko mweupe uliogandia chini ndio unaojijenga ndani ya rejeta na kwenye uso wa sili ya pampu. Sili ni nyuso mbili laini zinazosuguana zikiwa na utando mwembamba wa maji katikati. Chembe za chokaa na kutu zikiingia hapo zinafanya kazi ya msasa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kulanti nyingi za Kijapani, ile nyekundu na ile ya waridi, zina fosfeti ya kuzuia kutu. Fosfeti ikikutana na maji magumu hutengeneza masimbi. Kwa hiyo mtu ananunua kulanti nzuri ile nzito, ambayo bado haijachanganywa na maji, anaichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba la uani, na anakuwa ametengeneza tope kwa mikono yake. Nunua ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, au changanya na maji ya betri, yale yaliyosafishwa, na usome chupa vizuri usije ukachukua tindikali ya betri, kwa maana zinauzwa rafu moja. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na kuchujwa kwa kitambaa ni laini na yanazidi ya kisima kwa mbali.

Na wanaosema "huku hakuna barafu, kulanti ya nini" waangalie ramani. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji matupu yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi kama 96, hayangoji 100. Kinachotusaidia ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, wenye alama ya 0.9 au 1.1, pamoja na kulanti inayopandisha kiwango cha kuchemka. Mfuniko uliochoka mpira unafanana kabisa na pampu mbovu: gari linachemsha, maji yanapungua, na watu wanabadilisha pampu nzima. Anza na mfuniko.

Dakika tano na pampu mkononi

Nenda dukani na pampu ya zamani, hata kama inachafua kiti. Ziweke mbili pamoja. Hesabu matundu ya bolti, hesabu mapanga ya impela, pima kimo chake kwa kidole, angalia mapanga yamekunjwa kuelekea upande uleule. Zungusha shafti polepole: inatakiwa izunguke kwa ulaini, ikiwa na ukinzani kidogo wa sili, bila mkwaruzo. Ishike puli uitikise juu na chini, isicheze. Ukisikia "kwa-kwa", rudisha.

Usimruhusu mtu aizungushe kwa kasi ikiwa kavu ili kukuonyesha ilivyo nyepesi, maana sili kavu huungua. Kwa sababu hiyohiyo injini isiwashwe kabla ya kujazwa maji baada ya kufunga.

Siku ya kufunga

Kazi mbaya huua pampu nzuri. Uso wa injini usafishwe mpaka gasketi ya zamani iishe yote, bila kukwaruza aluminiamu. Palipo na oringi au gasketi ya chuma, silikoni haina kazi isipokuwa mtengenezaji ameagiza. Bolti nyingi za pampu ndogo ni zile za spana namba 10, na zinahitaji nguvu ndogo, kama Nm 10 tu. Zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Mkanda wa nje ukikazwa kupita kiasi, beringi mpya inaanza kulia ndani ya wiki chache. Kwenye magari yenye feni iliyofungwa juu ya pampu, feni iliyovunjika panga moja itaitikisa beringi mpaka ife, kwa hiyo ikaguliwe.

Mwombe fundi asiitupe themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. Toyota nyingi ndogo huifungua kwenye nyuzi 82 hivi, na kuiondoa hakufanyi injini ipoe vizuri zaidi. Inachelewa kupata joto, inakula mafuta, na kwenye baadhi ya injini maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Inunuliwe mpya pamoja na pampu.

Baada ya kujaza, hewa itolewe: injini iwake, hita ikiwa wazi, kiwango kikishuka kiongezwe. Matone machache kwenye lile tundu dogo dakika za mwanzo yanaweza kutoka wakati sili inajipanga. Yakiendelea baada ya siku ya kwanza, hiyo inavuja.

Kulingana na hali yako

Kama pampu yako iko ndani na taimingi belti imekaribia kilomita 100,000, au hujui ilibadilishwa lini, chukua seti ya kampuni inayojulikana. Kama una uwezo na utakaa na gari hilo, chukua jenuini. Usibadilishe pampu na kurudishia belti ya zamani, wala belti bila pampu.

Kama pampu yako iko nje na gari ni la kwendea kazini kwenye mji wa serikali kule Mtumba na kurudi, ya kampuni inatosha kabisa, na mtumba iliyokaguliwa na fundi unayemwamini haina ubaya.

Kama unabeba zabibu kutoka Hombolo, abiria wa Mpwapwa au magunia ya Kibaigwa, hesabu siku moja ya gari kulala ina thamani gani kwako. Mara nyingi siku moja tu inazidi tofauti ya bei kati ya isiyo na jina na ya kampuni. Nunua ya kampuni, na nunua mkanda wa akiba uuweke chini ya kiti.

Kama pampu unayoitaka iko Dar es Salaam na gari limekwama hapa, mtumie muuzaji picha ya pampu ya zamani pande zote mbili pamoja na namba ya chasisi, na umwombe akutumie picha ya ile atakayoifunga kwenye basi kabla hujalipa. Kusubiri siku mbili ni bora kuliko kufunga iliyopo kwa sababu tu ipo.

Kama hela haitoshi kabisa mwezi huu, na pampu iko nje, vukia na ya bei ya chini, ila weka kulanti sahihi na usitoke nayo nje ya mji. Kama iko ndani, ni afadhali gari lipumzike mpaka mwisho wa mwezi.

Na kama unasoma haya ukiwa umesimama pembeni ya barabara ya Mtera na moshi mweupe unatoka mbele: zima injini, usifungue mfuniko wa rejeta mpaka uweze kulishika bomba la juu la rejeta kwa kiganja bila kuungua, na usimwagie maji baridi injini ya moto. Ukijaza maji ya bwawani ili ufike, fika polepole ukiangalia geji, kisha mwambie fundi maji gani yameingia, ili aisafishe rejeta yote kabla ya kufunga pampu mpya.